Mficha Kosa, Kilio Humuumbua

Kisa hiki nimekitunga ili kifundishe. Hakina jina la mtu wala la kituo, na msomaji wa Ngara au Biharamulo asijisumbue kutafuta ni wapi kilipotokea. Lakini hakuna kipande chake ambacho hakijawahi kutokea mahali fulani, na matukio ya kweli ya Dar es Salaam na Nairobi nitayataja mbele.

Mama mmoja, mkulima wa migomba na maharage katika vilima vya Ngara, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya pili usiku wa mvua. Bodaboda ikamfikisha kituo cha afya. Mtoto alikuwa amelala kimshazari, ikaamuliwa afanyiwe upasuaji. Mtoto akatoka salama, analia. Aliyempasua alikuwa kazini tangu asubuhi, na huyu alikuwa mgonjwa wake wa tatu mezani. Katikati ya kazi umeme ulikatika, na jenereta lilichelewa kuwaka. Damu ilikuwa nyingi, mikono ikahangaika, tumbo likashonwa. Kuhesabu gozi, vile vitambaa vya kunyonyea damu, kabla ya kufunga hakukufanyika. Asubuhi yake, mtu alichukua fomu ya upasuaji, na pale panapotakiwa idadi ya gozi kabla na baada, akajaza tarakimu mbili zinazolingana.

Wiki ya tatu tumbo likaanza kuuma na homa ikapanda. Mama alirudi kituoni, akapewa dawa za maumivu na kuambiwa kidonda kinapona. Aliporudi tena alipewa antibayotiki. Mama mkwe akaanza kunong'ona habari za kurogwa. Mume akauza mbuzi wawili, akampakia mkewe kwenye gari, wakapita Lusahunga hadi hospitali moja upande wa Biharamulo. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha uvimbe. Tumbo likafunguliwa upya, ikatoka gozi iliyojaa usaha, na kipande cha utumbo kilichoharibika kikakatwa. Mama alipona, ila msimu mzima wa kilimo hakushika jembe.

Daktari wa pili hakuzunguka. Alimwita mume pembeni, akamwambia, "Baba, tumekuta gozi tumboni. Imebaki tangu upasuaji wa kwanza. Poleni sana." Kisha akapiga simu kituo cha kwanza.

Aliyempasua mama yule alipopata habari alimwendea mganga mfawidhi. "Mkuu, nataka niende nikawaone, niwaambie mwenyewe." Mfawidhi akatikisa kichwa. "Ukifungua mdomo umejifunga. Wewe waambie pole tu, kesho utawaona na wakili. Sisi hapa hatujui kitu." Jalada la mgonjwa likatolewa masijala, likafungiwa kwenye droo ya ofisi.

Jumatatu yake mume alifika kituoni na kaka yake, pamoja na mzee wa ukoo. Walitaka mambo matatu. Wajue ilikuwaje. Wamsikie aliyefanya kazi ile akisema kwa kinywa chake. Wajue nani atabeba gharama za hospitali ya pili. Walikalishwa benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Karani akasema jalada halionekani. Mwishowe mfawidhi akatoka: "Wazee wangu, mambo ya upasuaji ni ya Mungu. Mama yuko hai, shukuruni." Mzee wa ukoo akasimama, akachukua fimbo yake. "Tulikuja kuongea na watu," alisema. "Sasa tutaongea na serikali."

Na kweli waliongea nayo. Barua ilikwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, malalamiko yakafika Baraza la Madaktari Tanganyika, wakili akapatikana Bukoba, redio ikatangaza. Jalada lililokuwa "halionekani" likaonekana baada ya polisi kuingia. Muuguzi aliyekuwa zamu aliulizwa habari za zile tarakimu mbili, naye akasema kweli. Kuanzia hapo hoja iliacha kuwa ajali ya usiku wa giza, ikawa udanganyifu wa mchana kweupe. Shauri lilimalizwa nje ya mahakama baada ya miaka miwili, kwa fedha zilizozidi mara nyingi gharama ambazo familia iliziomba siku ile ya benchi.

Hasara kubwa zaidi haikuwa ya fedha. Kwa kuwa kosa lilifichwa, hakuna aliyeitisha kikao kuuliza kwa nini gozi hazikuhesabiwa, nani ahesabu taa zikizimika, na kwa nini mtu mmoja apasue watu watatu bila kupumzika. Mwezi wa tano, juu ya meza ileile, gozi nyingine ikabaki tumboni mwa mama mwingine. Huyu hakuwahi kufika Biharamulo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mganga mfawidhi wa kisa hiki hakuwa katili. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilijengwa juu ya fikra kwamba kuomba radhi ni kujitia kitanzi kisheria. Ni haki tuipime fikra hiyo kwa sheria yenyewe.

Ni kweli kwamba Tanzania haina sheria inayolinda radhi ya mhudumu wa afya. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, maelezo ya mhusika yanayoelekea kuthibitisha jambo linalobishaniwa yanaweza kuletwa mbele ya hakimu. Kwa hiyo mhudumu akisema "mimi ni mzembe, nimemuua mke wako," maneno hayo anaweza kuyasikia tena mahakamani. Lakini sheria hiyohiyo inatamka kwamba kukubali jambo si uthibitisho wa mwisho wa jambo hilo. Anayedai fidia ya uzembe bado anatakiwa kuonyesha kwamba mhudumu alikuwa na wajibu kwake, kwamba alishuka chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtaalamu wa kada yake, na kwamba kushuka huko ndiko kulikoleta madhara aliyoyapata. Neno la pole halithibitishi hata jambo moja kati ya hayo. Na katika shauri la jinai, ambako Kanuni ya Adhabu inamgusa mtu anayetibu kwa uzembe unaohatarisha uhai, upande wa mashtaka unatakiwa uthibitishe bila kuacha shaka yoyote ya maana.

Tazama tena kisa chetu. Ni nini kilichokithibitisha kosa? Gozi yenyewe, picha ya ultrasaundi, maelezo ya daktari wa pili na fomu ya upasuaji. Hata mhudumu angekaa bubu mpaka kufa, gozi ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi. Radhi isingeongeza uzito wowote wa maana kwenye mizani ya hakimu. Kilichoongeza uzito ni jalada lililofichwa na tarakimu zilizopikwa, maana mahakama ina uhuru wa kuhitimisha kwamba anayeficha karatasi anaogopa kilichoandikwa humo. Kughushi kumbukumbu ni kosa linalojitegemea, na mbele ya Baraza la Madaktari au Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumgharimu mtu leseni yake, hata pale ambapo kosa la kwanza lingesameheka.

Wenzetu wameipima njia ya ukweli kwa miaka mingi. Huko Lexington, Kentucky, hospitali ya maveterani wa jeshi la Marekani ilianza mwaka 1987 kuwaeleza wagonjwa makosa yaliyowapata, kuwaomba radhi na kuwalipa haki yao bila kusubiri mahakama. Chuo Kikuu cha Michigan kikafuata mwaka 2001. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Michigan kiwango cha kesi mpya kilishuka kutoka 2.13 hadi 0.75 kwa mwezi katika kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa. Hospitali iliyokiri makosa yake haikufilisika, na kesi zilipungua.

Nchi nyingine ziliona haitoshi kuwaachia wahudumu ujasiri peke yake, zikaweka kinga. Jimbo la Massachusetts lilitangulia mwaka 1986 kwa kulinda maneno ya kufariji yasitumike kama ushahidi. Sheria ya Fidia ya Uingereza ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, na tangu mwaka 2014 hospitali za England zinalazimika kumweleza mgonjwa pale anapodhurika. Hong Kong ilipitisha sheria yake ya radhi mwaka 2017. Bunge letu lina uwezo wa kuandika kifungu cha namna hiyo, chenye sentensi mbili tu: kwamba radhi ya mhudumu wa afya haitachukuliwa kuwa ungamo la uzembe, na kwamba kinga hiyo haimfuniki anayeficha au kubadili kumbukumbu za mgonjwa. Kifungu hicho kingempa nguvu mganga wa zahanati ya mbali ambaye leo analala na siri kifuani.

Asidhani mtu kwamba makosa haya ni ya vituo vidogo vya mikoani. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Aliyekuwa na tatizo la kichwa alipasuliwa goti, na mwenye tatizo la goti akapasuliwa kichwa. Mmoja alifariki baadaye, mwingine serikali ikampeleka India kutibiwa. Nchi nzima ilitikisika. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ikapata msiba wa aina hiyo: lebo za wagonjwa wawili zilibadilishana, madaktari wakafungua fuvu la mtu ambaye hakuhitaji upasuaji, wakagundua baada ya saa kadhaa kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haimo. Hospitali ikajitokeza hadharani, ikasema imesikitishwa na yaliyotokea. Hizo ni hospitali kubwa, zenye mabingwa na vifaa. Uchovu, haraka na majina yanayofanana havichagui hospitali.

Na dawa ya makosa hayo inajulikana, tena Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuithibitisha. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane duniani, moja ilikuwa hospitali ya Mtakatifu Francis, Ifakara. Orodha hiyo inaitaka timu isimame na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa, na mwishoni idadi ya gozi na vifaa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 katika hospitali hizo. Lakini orodha hutumika vizuri pale ambapo watu wanasema kweli. Ukijaza fomu kesho yake asubuhi, umeiua.

Kwa watu wa Biharamulo jambo hili lina uzito wa pekee. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa mkoani Kagera, na Biharamulo ndiyo iliyokuwa kitovu. Kufikia tarehe 13 Machi, mlipuko ulipotangazwa kwisha, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuugua, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wote 10 walifariki. Ugonjwa kama huo hauzuiliwi kwa dawa peke yake. Huzuiliwa pale mwanakijiji anapokubali kumtajia mhudumu aliyevaa barakoa nani alimuuguza marehemu, nani aliuosha mwili, nani alilala naye chumba kimoja. Imani ya namna hiyo haizaliwi siku ya mlipuko. Hujengwa wodini, miaka kabla, katika mambo madogo. Familia iliyodanganywa kuhusu gozi haitamfungulia mlango ofisa wa afya atakapokuja kuuliza habari za homa.

Sasa, mhudumu afanye nini kosa likitokea?

Kwanza amtibu mgonjwa, kwa sababu radhi isiyo na matibabu ni maneno matupu. Kisha aandike yaliyotokea kwenye jalada siku hiyohiyo, kwa saa na dakika, asifute wala kuongeza kitu baadaye bila kuweka tarehe na sahihi. Amjulishe mfawidhi, naye mfawidhi amjulishe Mganga Mkuu wa Wilaya. Familia ielezwe mapema, ndani ya siku moja au mbili, kabla uvumi haujaifikia. Waitwe ndani, wapewe viti, simu zizimwe. Wawepo aliyetoa huduma, mfawidhi na ofisa ustawi wa jamii. Kama mgonjwa anaelewa zaidi Kihangaza au Kisubi kuliko Kiswahili, apatikane mtu wa kufasiri asiye jirani wa kwenda kueneza habari.

Kuhusu maneno, mhudumu aseme anachokijua na aache anachokikisia. Anaweza kusema: "Mama, gozi ilibaki tumboni wakati wa upasuaji tuliokufanyia hapa. Haikupaswa kubaki. Tunakuomba radhi kwa maumivu uliyoyapata. Tunachunguza ilivyotokea, na wiki ijayo tutakaa tena tuwaeleze tulichokiona na tulichokibadilisha." Hapo ameeleza ukweli wa tukio, ameomba radhi, na hakumhukumu mtu kabla uchunguzi haujaisha. Asimtupie mwenzake lawama, na asimtaje Mungu mahali pa maelezo. Na ile wiki ijayo ikifika, arudi. Ahadi ya kurudi isipotimizwa inauma kuliko kosa lenyewe.

Gharama nazo zisikwepwe. Kama mgonjwa alilipia matibabu ya kurekebisha kosa la kituo, uongozi ulikabili jambo hilo mapema pamoja na mwanasheria wa halmashauri, au na bodi ya hospitali pale ambapo hospitali ni ya kanisa kama Murgwanza na Rulenge. Mazungumzo ya kumaliza shauri yanaweza kufanywa kwa makubaliano kwamba yatakayosemwa humo hayatapelekwa mahakamani, na Sheria ya Ushahidi inayatambua makubaliano ya namna hiyo katika mashauri ya madai. Mfawidhi anayejua hilo hatakuwa na sababu ya kufungia jalada kwenye droo.

Na aliyekosea asiachwe peke yake. Mhudumu aliyemdhuru mgonjwa bila kukusudia hubeba mzigo ambao unaweza kumfanya aache kazi au aendelee kuifanya kwa mikono inayotetemeka. Vikao vya mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi vimetufundisha kuuliza mfumo ulikosea wapi kabla ya kuuliza nani afukuzwe. Moyo huo uingie pia katika makosa ambayo, kwa neema, hayakuua. Anayerudia uzembe kwa makusudi, anayepasua akiwa amelewa au anayeghushi, huyo awajibishwe bila huruma. Aliyekosea akakiri asiwekwe kapu moja naye.

Familia nazo zina sehemu yao. Tunza kadi ya kliniki, fomu ya rufaa, risiti na majibu ya vipimo, kwa maana hivyo ndivyo vitakavyokusemea. Uliza maswali kwa utulivu. Nesi wa zamu uliyemkuta mlangoni mara nyingi siye aliyekuwapo, na kumpiga au kumtukana hakumponyi mgonjwa wako. Usipojibiwa, panda ngazi: mfawidhi, Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha mabaraza ya kitaaluma. Ukiamua kwenda mahakamani, jua kwamba madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu, na kwamba kuishtaki serikali kunahitaji kwanza notisi ya siku 90. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kukuelekeza bila malipo. Na ukiombwa radhi ya kweli, ipokee kama radhi. Kuipokea hakukunyang'anyi haki yako ya fidia.

Nawasemesha hasa waganga wafawidhi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, kwa sababu mlango wa ukweli uko mikononi mwenu. Siku mhudumu wenu atakapowajia akisema, "Mkuu, nataka niende nikawaambie," msimzuie. Simameni, mwende pamoja. Mtakapotoka huko, itisheni kikao jioni hiyohiyo, mbadilishe kilichosababisha kosa, ili mama atakayelala juu ya meza ileile kesho ahesabiwe gozi zake mpaka ya mwisho.